Futi Kumi na Nane

Miaka tisa niliingia kanisani mikononi mwa watu.
Vidato vitatu, kila kimoja inchi sita,
na vijana wanne wa kwaya:
"Shika huku! Dada Mkamburi, usiogope,"
sketi imepanda, mkoba umeanguka,
nami natabasamu kama bibi harusi
wa ndoa ambayo hakuulizwa.

"Bwana asifiwe," wakasema wakinitua.
Nikajibu amina.
Ungekuwa wewe, ungejibu nini?

Wahubiri wageni waliijua miguu yangu kabla ya jina.
Yule wa kutoka Voi alinimiminia mafuta
utosini hadi yakaingia machoni,
akanivuta mikono: Simama! Simama!
Nikasimama, naam, kwa urefu wa pumzi moja,
kisha nikakiangukia kinanda.
Sadaka ya siku ile, nasikia, haijapata kutokea.
Kifundo kilivimba mpaka Pasaka.
Wakasema imani yangu ni haba.
Nikarudi Changamwe kushona sare za shule,
hamsini na mbili, kwa cherehani ya mkono,
nikiwaza: haba na haba, jamani,
si ndiyo hujaza kibaba?

Ndipo akaja Nyambu.
Shemasi Nyambu, mchomeleaji vyuma, si msemaji.
Akiitwa kuomba mbele ya watu, hukohoa.
Alikuja Jumamosi, jua la saa nane,
malori ya Kipevu yakitikisa mabati,
akapiga magoti mbele yangu.
Nikafumba macho kungoja mafuta.
Na mafuta yakaja: grisi,
nyeusi, kwa ncha ya kidole,
kwenye beringi iliyoliwa na chumvi ya pwani.
Akalizungusha gurudumu. Likanyamaza.
Lilikuwa likilia tangu mvua za vuli,
kila Jumapili, katikati ya sala zetu.

Akatoa futikamba. Nikavuta miguu,
maana nimepimwa sana katika maisha haya.
Hakunipima mimi.
Alipima ngazi.

"Inchi kumi na nane," akasema.
"Kila inchi moja yataka futi moja ya mteremko."
Futi kumi na nane: zatoka mlangoni,
zapita ubao wa matangazo,
zaishia pale pale mchungaji anapoegesha gari.

Kamati ilikaa mara nne.
Mweka hazina: simenti imepanda bei.
Mama Shighadi: kwani vijana wamechoka kumbeba?
Nyambu akakohoa. Tukadhani ataomba.
"Wale wanne," akasema, "walitoboa paa la watu
wamshushe mwenzao. Sisi twaombwa maegesho."
Akaketi.

Mteremko wa kwanza ulikuwa mfupi;
walibana simenti wakaishia futi kumi.
Nilipanda nusu, nikarudi kinyumenyume
hadi ukingoni mwa mtaro.
Nikamwambia, "Nyambu, hii umewajengea mbuzi."
Watu wakanyamaza; mtu hupewa, hashukuru?
Yeye alicheka, akaenda kuchukua nyundo,
akaivunja kazi yake mwenyewe mbele yangu,
kokoto zikiruka, shati limelowa.
Wengi wamenijengea vitu.
Sijaona mwingine aliyenivunjia.

Jumapili ile nilichelewa makusudi.
Nilipanda peke yangu, viganja vikiwaka,
bega la kushoto likinung'unika.
Hakuna aliyegeuka. Hakuna makofi.
Mtoto mmoja alikunja mguu nipite.
Nikakaa nyuma, chini ya feni mbovu,
nikafuta uso kwa leso;
tuseme ni joto.

Baadaye, kwenye chai na mahamri,
Nyambu akanijia, shavu limejaa.
"Vipi?"
Shukrani nilikuwa nayo, imenikaba kooni.
Lakini kilichotoka ni hiki:
"Mlango wa choo ni mwembamba."

Akaweka kikombe chini,
akajipapasa mfukoni.